Mistari Minne ya Wimbo wa Baba

Mwingi,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Kaka Mutinda,

Pokea salamu zangu. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba mvua ya Tawa haijawadanganya kama yetu. Sisi hatujambo. Duka la dawa za mifugo linaenda polepole. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hushiki tangu tumzike Baba. Anayekuletea ni jirani yangu, anakuja huko kununua machungwa.

Kaka, nimejifunza bass, lile gitaa la nyuzi nne nene. Cheka kwanza, nitangoja.

Aliyekuwa akicheza hapa kanisani alipata kazi Nairobi, chombo kikabaki kwenye kona kikishika vumbi. Nikaomba ufunguo wa kanisa. Mwalimu wa kwaya akanionyesha kwenye simu kitu kinachoitwa tab: mistari minne, kila mstari ni uzi mmoja, na namba juu yake inakuambia ubonyeze chuma cha ngapi shingoni. Sifuri ni uzi usiobonyezwa. Basi. Na miaka yote hiyo mlinifanya niamini ni siri ya wanaume!

Wiki tatu nilicheza kinyume. Ukishika bass, uzi mnene uko juu, kwa hivyo nikadhani mstari wa juu ndio huo. Kumbe kwenye tab mnene ni ule wa chini kabisa. Mwalimu alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Aiya, Mama Ndanu! Hiyo ni wimbo gani? Ama unataka kutufukuzia waumini?"

Nilicheka mpaka nikatoa machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Baba angenirekebisha siku ya kwanza. Lakini Baba alikufundisha wewe. Mimi nikigusa bass yake mlikuwa mnasema kwa pamoja, "Wewe beba betri." Nikabeba betri ya spika za bendi yake, harusi baada ya harusi, asidi ikinitoboa nguo.

Halafu ukaokoka, jambo jema, na wiki moja baada ya mazishi ukaichoma ile bass nyuma ya jikoni, pamoja na kanda zake zote, eti ni vitu vya dunia. Hukuniuliza. Hukumuuliza Mama. Alisimama pale na sufuria mkononi akasema, "Sasa mmemzika mara mbili." Sijakusamehe, Mutinda. Nimeomba kwa magoti nipate moyo huo na sijaupata. Hapa kwetu bass inalia kanisani kila Jumapili na paa halijaanguka.

Nimetafuta kwenye mtandao ule wimbo Baba aliomtungia Mama. Nyimbo za Wazungu zimejaa, zetu hakuna aliyeziandika. Basi nimeuandika mwenyewe, namba kwa namba, kwa kukumbuka. Nimeupata wote isipokuwa pale waimbaji na magitaa mengine wananyamaza, bass inabaki peke yake. Hapo sikumbuki kitu. Mimi nilikuwa nyuma nikilinda betri. Vidole vinavyopajua vilivyobaki ni vyako tu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yenye mistari minne. Mnene ni wa chini, usikosee kama mimi. Huhitaji gitaa wala kutenda dhambi. Shika mpini wa jembe, vidole vitakumbuka vyenyewe, halafu uandike namba. Mama anakuja kwangu Desemba na nimemwahidi wimbo wake. Ukikataa, rudisha karatasi tupu. Nikifika hapo nitaondoa mikono kwenye nyuzi ninyamaze, na Mama atajua ni nani aliyenyamaza.

Msalimie Mama, umwambie dawa ya magoti naituma. Msalimie wifi, ambaye hana kosa. Na yule binti yako wa mwisho, Mwikali, mwambie shangazi yake anacheza bass, na kwamba huku Mwingi betri wanabeba wanaume.

Mdogo wako,
Kalondu