Kazi Yako Hawakuifungia, Dada

Dada Rehema mpendwa,

Leo nina furaha, na sioni wa kumpa isipokuwa wewe. Mama nimemweleza mara mbili, akaishia kusema, "Alhamdulillahi, mradi hujafukuzwa kazi."

Unalikumbuka lile kabati la karakana ya Chang'ombe? Baba alikuwa akilalamika kwamba mbao zake zinaishia kuwa kuni, ukamwandikia programu ya kupanga namna ya kuzikata ili kisipotee kitu. Ukaringa wiki nzima! Baba naye akakata kama kompyuta ilivyoagiza, milango ikatoka mifupi yote. Mkatazamana kama wezi waliofumaniwa. Kisha Baba akajipiga kofi kwenye paji la uso: "Tumeusahau msumeno! Nao unakula mbao kila unapopita, mwanangu." Mlicheka mpaka ukakaa kwenye maranda na gauni lako la Ijumaa.

Ulipoirekebisha ukaiweka mtandaoni, kila mtu aichukue. Nikakufokea, kwa nini unagawa jasho lako bure? Ukanijibu kwa ule utulivu wako uliokuwa ukinikera: "Sijaitupa, nimeiwekea leseni. Mtu aitumie, hata aiuze. Ila akiibadilisha na kuisambaza, aoneshe alichobadilisha. Na jina langu asilifute."

Uliposema hivyo sikujua kwamba siku moja mimi ndiye nitakayelisimamia neno lako.

Tangu ututoke nimepata kazi Mbezi Beach, kwenye kampuni inayouza programu kwa wenye viwanda vya samani. Programu yao ni siri, hakuna anayeoneshwa ndani yake. Mpangilio wa kukata mbao ulipoanza kuwasumbua nikawaletea maktaba yako, maana sisi waandishi wa programu tunakiita hivyo kipande ambacho wengine hukichukua na kukitumia kwenye kazi zao. Niliiongezea kitu kimoja: ifuate mwelekeo wa nyuzi za mbao, mlango wa mninga usitoke na mistari iliyolala. Wakaipenda. Kisha bosi wangu akasema tuichanganye humo humo na kuifungia, na yale maneno ya leseni uliyoandika juu yake, yenye jina lako, tuyafute.

Dada, kazi naipenda na kodi ya nyumba inanisubiri, lakini nilisimama mkutanoni nikasema haiwezekani.

"Kwa hiyo na sie tugawe programu yetu nzima?" akauliza.

"Hapana, madam. Jirani akikuletea futari, bakuli lake hulirudishi tupu. Lakini hiyo haimpi ruhusa ya kuja kufunua masufuria jikoni kwako."

Akanitazama, kisha akacheka. Mtu wa Tanga yule, mambo ya bakuli anayajua. Akaomba leseni, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, mimi nikiwa nimeketi nikiomba dua zote ninazozijua.

Tukakubaliana. Maktaba yako inakaa kwenye faili lake, pembeni; programu ya kampuni inaiita ikiihitaji. Mteja akitaka kuitoa na kuweka aliyoirekebisha mwenyewe, anaweza. Niliyoyabadilisha tumeyaweka wazi mtandaoni, na jina lako liko pale pale ulipoliandika. Siku hiyo nilijinunulia chipsi kuku nikala peke yangu, nikitabasamu kama mwehu.

Sasa sikia kilichonifanya nikuandikie. Jana umeingia ujumbe kwenye ukurasa wa maktaba yako mtandaoni, kutoka kwa fundi mmoja wa Kigamboni. "Shikamoo dada Rehema, kama umenizidi. Nimeongeza kidogo kwenye kazi yako: ianze na vipande vilivyobaki stoo kabla ya kugusa mbao mpya. Naomba uitazame."

Nilitoka nje kwanza, nikalia, nikanawa uso. Kisha nikakaa kuipima kazi yake, nikaikubali. Ni nzuri, dada, ungempenda. Nikamwandikia kwamba mimi ni mdogo wako, na kwamba wewe umetangulia mbele za haki.

Akajibu: "Mungu amrehemu. Mie nilidhani naongea naye, maana kwa maelezo aliyoandika humu ndani ya programu, anaeleza kila kitu kama yupo."

Chini ya jina lako sasa kuna langu, na chini ya langu kuna la mtu ambaye hamkuonana. Pale chini yake, dada, nafasi bado ipo tele.

Pumzika salama,
mdogo wako, yule uliyekuwa ukimkera