Kipimo cha Hatem

Wattaya, Muscat
Alkhamis, 11 Machi 2004

Mdogo wangu mpenzi Khole,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limepungua uvimbe. Sisi huku afya tunazo, alhamdulillahi, ila raha hatuna. Wifi yako Kheiria anakusalimu sana.

Kwenye simu nilikwambia kuwa mwanao Hatem karudishwa rumande, nikakata haraka. Sasa nna haja ya kukueleza taratibu.

Unajua alikamatwa ndani ya gari ya mwenzake wa gereji kule Ghala, na garini ikaonekana heroini. Yeye alishikilia kuwa alipewa lifti tu. Wakamwachia kwa dhamana yangu mpaka siku ya kesi, kwa sharti kila Jumamosi apimwe mkojo. Kupimwa hivyo si kuhukumiwa. Wanataka kujua tu kama anayengoja kesi anajiweka mbali na ulevi. Nilitia saini kuwa ataishi kwangu, na hatotumia dawa yoyote bila ya cheti cha daktari.

Jumamosi tano alitoka safi. Kheiria akawa anamtania kuwa hata nikaha yake itabidi ikafungwe maabara, maana ndiko anakojulikana. Jumamosi ya sita ikaonekana afyuni, ambayo ndiyo asili ya heroini. Afisa akamuuliza mbele yangu kama kuna dawa aliyokunywa. Hatem alinitazama kidogo, akasema hapana. Nikamshukia palepale: kaniaibisha mbele za watu, na mama yake hakumleta Oman aje kuwa teja. Akaniomba tu nimsamehe, mimi mjomba wake. Wakamchukua.

Khole, siku mbili kabla ya kipimo alikuwa anakohoa, hata usingizi hapati. Mimi mwenyewe nilimpa vijiko viwili vya dawa niliyorudi nayo kutoka Bombay nilipokwenda kutibiwa kifua. Alisita, akanikumbusha sharti. Nikamwambia mjomba wake kasomesha kemia miaka thelathini, anywe. Jioni ile aliyochukuliwa ndipo nikavaa miwani nikasoma kibandiko: kodeini, nayo ni jamii ya afyuni. Mwili huigeuza ikawa mofini, na kipimo hakina macho ya kujua kama imetoka kwenye unga au kwenye kijiko cha mjomba.

Angalisema, ningaliulizwa mimi niliyetia saini. Alininyamazia kwa heshima. Nami, niliyekwisha kujua, nimenyamaza siku tano kwa aibu.

Jumamosi, ofisi zikifunguliwa, nakwenda kwa yule afisa na chupa yangu. Huenda na mimi wakanishtaki. Barua hii nampa Aflah, anayesafiri kuja huko leo alasiri, nisije nikapata pa kurudi nyuma. Jumamosi ikishapita, ama nitakuwa nimeshasema, ama utajua kuwa kaka yako ni muongo.

Nisalimie Lamya na wanawe. Mimi usinijibu mpaka hasira zikupungue, lakini Hatem muandikie upesi, umwambie mama yake anajua kuwa hakunywa ila alichopewa.

Kaka yako,
Msellem