Sahihi Yako Chini ya Kosa Lisilo Lako

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile redio iliposoma habari ya pili nawe usiseme kitu.

Ya kwanza uliisemea. Saa kumi na mbili kamili ulikuwa umekaa karibu na dirisha kama kawaida yako, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, ukisikiliza ni zipi kati ya habari za shirika lenu zimefika hewani. Msomaji alipotamka sentensi uliyoitambua, ulijipiga goti na kusema, "Yetu hiyo!" Kisha ikaja habari ya barabara mpya. Mama alingoja jikoni. "Na hiyo je, mzee, si yenu?" akauliza. Msomaji akaendelea mpaka akafika kwenye hali ya hewa. Ndipo Mama alipotoka, kikombe chako mkononi.

Moyo ulikuwa umesimama. Daktari alituambia hukusikia maumivu, nasi tumeamua kumwamini.

Tunakuandikia leo kwa mapenzi, na kwa sababu nyingine pia. Kwa zaidi ya mwaka jina lako limebeba kosa ambalo halikuwa lako. Sisi wenyewe tumejua juzijuzi tu. Wote waliokufahamu wana haki ya kujua.

Ulifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika shirika la habari la serikali. Majirani walidhani kazi yenyewe ni kuandika nani kakata utepe wapi. Hukukasirika. Ulivuta kiti ukawaeleza: ghorofa ya pili kuna chumba kirefu chenye meza nne, ya Kiswahili, ya Kiingereza, ya Kifaransa na ya Kiarabu. Waandishi wa mikoani wanapiga simu, meza ya Kiswahili inaandika, juu inawekwa nambari na maneno "toleo la kwanza", na meza nyingine tatu zinatafsiri kutoka hapo. Baada ya hapo habari inakwenda kwa magazeti, redio na balozi. "Habari ni moja," ulisema, "nguo ndizo nne."

Ofisini, ulikokuwa mkuu wa zamu, walikuita Mzee Ngoja, kwa sababu hakuna kilichotoka kabla hujasema "ngoja kwanza" na kukisoma tena kwa sauti. Wengine wakikutangulia kwa dakika kumi, hukujali. "Wao wana haraka, sisi tuna wasomaji." Hata wakubwa walingojeshwa. Tunakumbuka ulivyomjibu kiongozi mmoja aliyepiga simu mpaka nyumbani, akilalamika kwamba jina lake limewekwa chini: "Mheshimiwa, jina lako lipo, tena limenyooka. Liko aya ya tatu, wananchi wakishajua maji yao yatatoka lini." Ulipokata simu Mama alikuuliza kama kesho bado una kazi. Ukamwambia akupigie pasi shati, utajua hukohuko.

Habari ilipobadilika baada ya kutolewa, ulisimama ukapaza sauti: "Toleo la pili!" Kila meza ilipaswa kuitikia, "Tumepata!" Kompyuta zilikuwa na alama nyekundu ya kuonyesha kwamba kuna toleo jipya, lakini wewe hukuiamini. Ulisema taa haina ulimi. Na kuitikia kulikuwa na maana moja tu: nimelifungua, nimelisoma, la zamani nimelitupa.

Kitinda mimba wako alipomaliza chuo akapata nafasi ya majaribio kwenye meza ya Kifaransa, hukumwombea upendeleo wowote. Nyumbani ulimwita "mamangu", ofisini "dada wa Kifaransa". Kifaransa chake kilikuwa kizuri. Kilichompa taabu ni sauti. Ulipoita, yeye aliinua mkono kama yuko darasani. "Mkono siusikii, dada!" Chumba kizima kilicheka, naye akainama nyuma ya kompyuta mpaka masikio yapoe.

Kisha ikaja siku ya maji.

Mamlaka ya maji ilitangaza kwamba maji ya bomba katika mitaa mitatu yameingiwa na uchafu, wakazi wayachemshe. Mliandika. Robo saa baadaye wakapiga simu tena: mitaa ni minne. Ukasimama. "Toleo la pili!" Kiingereza wakaitikia, Kiarabu wakaitikia. Mkuu wa meza ya Kifaransa alikuwa ameitwa kwa mkurugenzi, na mezani amebaki binti yako peke yake. Tafsiri yake ya toleo la kwanza ilikuwa imekamilika. Hakujua kilichobadilika ni nini. Mara nyingi hubadilika kichwa cha habari tu. Kuuliza kungemlazimu apaze sauti chumba kizima kimsikie, naye aliona haya. Lakini macho yako yalikuwa yanamngoja. Basi kwa mara ya kwanza akafungua kinywa, kwa sauti ndogo iliyokufikia wewe tu: "Tumepata!"

Ulitabasamu, Baba. Anasema ulitabasamu mpaka ukavua miwani.

Alikuwa hajalifungua. Alituma lile alilokuwa nalo, na Kifaransa kikatoka na mitaa mitatu. Mtaa wa nne ulikuwa na familia nyingi zinazosikiliza redio ya Kifaransa. Kesho yake watu kumi na mmoja walikuwa hospitali, matumbo yamewachafuka, watoto wanne wakiwemo. Wote walipona, lakini hilo halikujulikana siku ile.

Mkurugenzi alitaka habari ibadilishwe kimyakimya. Ukakataa. "Waliokunywa hawakuumwa kimyakimya," ulimwambia. Ukamkumbusha desturi ya shirika: kosa husahihishwa kila lilikofika, na chini yake huwekwa herufi za jina la aliyeliachia. Binti yako akasimama.

"Baba, ni mi—"

"Hapa hakuna baba. Mkuu wa zamu ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi kaa, dada. Hiki ni Kifaransa, na mimi Kifaransa changu ni cha kuomba maji tu. Tafsiri."

Akatafsiri masahihisho. Herufi zilizokuwa chini yake zilikuwa zako, na maelezo uliyompa mkurugenzi yalisema hukungoja meza ya Kifaransa iitikie.

Ulipewa barua, ukaondolewa kwenye zamu, ukapelekwa maktaba ya magazeti ya zamani, miezi minane kabla ya kustaafu. Ulituambia huko kuna kivuli na hakuna anayepiga kelele. Tuliamini kwamba umekosea, na kwamba umri umeanza kukuchezea. Siku ya mazishi mwenzako mmoja akasema kwa utani, "Mzee Ngoja, siku moja tu hakungoja." Baba mkubwa akaupenda utani ule, akautembeza kwenye kila msiba na kila harusi.

Binti yako alikaa kimya kama maji mtungini. Kazini akathibitishwa, tafsiri zikasifiwa, na kila alipopita mlango wa maktaba aliharakisha hatua.

Jumamosi moja tulikutana kupanga maneno haya. Baba mkubwa akashauri tuweke kwamba ulikosea mara moja tu maishani, ndivyo ubinadamu wako utakavyoonekana. Wote tukakubali. Kitinda mimba akainuka akaenda jikoni, Mama akamfuata.

"Una nini wewe?"

Akamwambia yote, amesimama, vikombe vichafu mkononi. Mama akavuta kiti akakaa.

"Mwaka mzima unanitazama usoni?"

"Mwaka mzima, Mama."

"Na yeye alijua?"

"Alijua. Alisema majaribio yangu yakiisha tutasema wote wawili, yeye ataanza, mimi nitamalizia. Alipofariki zilikuwa zimebaki siku tisa."

Mama alilia kidogo, kisha akacheka, kwa sababu alikumbuka jinsi wiki zile ulivyokuwa ukitazama kalenda, naye akidhani unahesabu siku za kustaafu. Akajifuta uso kwa kanga. "Haya, mimi nimesikia. Lakini hilo kosa halikufika kwangu tu. Lilifika sebuleni, lilifika makaburini, na ofisini ndiko linakoishi."

Wakarudi sebuleni, naye akarudia. Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa. "Ulimi wangu huu," akasema, "umemwonea ndugu yangu hata kaburini." Yeye ndiye aliyesema tukuandikie hapa, gazetini, hata waliocheka naye wasome.

Jumatatu yake binti yako aliwahi ofisini. Mkuu mpya wa zamu, uliyemfundisha mwenyewe, alikuwa anawaonyesha watafsiri wawili wapya jinsi ya kuitikia. Anakupenda sana, Baba. Hata kikohozi chako cha kabla ya kusema anacho. Lakini kila wageni wakija huwapa mfano uleule.

"Tulikuwa na mzee hapa, hodari kweli. Siku moja akaachia habari kabla ya meza zote kumwitikia. Moja tu ilikuwa kimya, mnaona? Watu kumi na mmoja hospitali."

"Aliitikiwa."

Mkuu wa zamu akageuka. "Nani amesema?"

Alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Waliokuwa wakichapa wakaacha. Hata mzee wa meza ya Kiarabu, ambaye sikio lake moja halisikii, akainua kichwa.

"Mimi. Alingoja mpaka meza zote zikaitikia. Mimi niliitikia na nilikuwa sijafungua toleo jipya. Niliona haya kuuliza. Kosa lile lilikuwa langu tangu mwanzo mpaka mwisho, na yeye alilitia sahihi ili mimi nibaki na kazi. Msiwafundishe wageni kwa jina lake tena. Wafundisheni kwa langu."

Unakumbukwa na mke wako, anayefungua redio saa kumi na mbili mpaka leo; na kaka yako mkubwa; na wanao watatu, wakwe zako na wajukuu watano; na wenzako wa meza nne. Mapenzi yetu kwako hayana toleo la pili. Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote tutakazojaliwa kuishi.