Usivunje Zile Risasi Tatu

Shambani, Afrika Kusini
Jumapili mchana

Baba Neema, mume wangu,

Onga mshi, nisije nikasahau salamu ya kwetu. Habari za hapo Magamba, habari za baridi, mguu wa Mama yako unaendeleaje? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mbele, umpe kwa mdomo, usimwonyeshe karatasi tu. Neema mbusu utosini. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Zaidi ya hapo usiniulize, na si kwamba nakuficha.

Barua anakuja nayo dada Rehema, yule Mpare wa Same ninayefanya naye kazi jikoni. Anarudi kwao mapumzikoni. Akipita Mombo atampa kondakta wa gari za Lushoto. Najua siku hizi watu hawaandikiani barua, lakini simu yako haipatikani tangu siku ile uliponipigia, na nilipompigia jirani yetu Mwinjilisti akaniambia, "Mumeo anasema amesikia." Nakujua mimi. Ukisema umesikia, hujasikia.

Nasema juu ya zile risasi tatu.

Ulinipigia unacheka. "Mama Neema! Dereva wa lori la kabichi kanipa risasi tatu za bunduki ya kweli. Nazivunja, baruti yake naimwaga kwenye gobore. Safari hii nguruwe wa porini watanitambua. Sasa wewe si ndiye fundi wa risasi huko? Nipe kipimo, nishindilie kiasi gani?" Nikakwambia usiguse. Ukasema, "Ah, huko wamekufundisha uoga." Kisha ukasema utasubiri kipimo changu mpaka mahindi yaanze kubeba, simu ikakatika.

Hicho kipimo nitakupa. Lakini kwanza soma nilivyofundishwa, maana wewe ukiambiwa hapana tupu huwa inakuingia sikio hili inatokea lile.

Mzee mwenye shamba hili mikono yake inatetemeka. Zamani alijaza risasi mwenyewe, za kuwapigia mbweha wanaobeba wanakondoo. Siku moja nikiwa napanga vyombo akaniona navipanga kwa mstari, akaniambia, "Wewe njoo huku." Tangu hapo, nikimaliza kufua, nakaa kwenye meza yake. Ganda la risasi nalisafisha, natia fataki ya kuwashia, napima baruti kwenye mizani ndogo kuliko ya sonara, kisha nakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Kazi yenyewe haina kelele. Inanifaa.

Ana bunduki mbili. Kwa macho ni mapacha, kama wale mbuzi wa shangazi yako. Ndani ya mtutu kuna mifereji imejisokota kama nyuzi za skrubu, ndiyo inayoizungusha risasi isiende ikipepesuka. Siku moja alivingirisha kitambaa kwenye ufito akausukuma ndani, nikatia alama kwa kalamu mahali ufito ulipomaliza mzunguko mmoja. Bunduki ya kwanza ufito uliingia mrefu ndipo ukazunguka. Ya pili haukufika mbali, umeshazunguka. Akasema kila mtutu una mwendo wake, na risasi lazima ikubaliane nao.

Mimi nikasahau. Risasi za vichwa vyepesi, vyenye ngozi nyembamba ya shaba, nilizojaza kwa nguvu kwa ajili ya ile bunduki ya kwanza, nikaziweka kwenye kisanduku cha ile ya pili. Tukatoka kwenda kupiga karatasi. Pa! Karatasi haina tundu. Pa! Haina tundu. Mzee akaniuliza, "Unaona nini?" Nikasema naona moshi wa kijivu pale katikati, kama mtu kapuliza majivu. Akasema, "Ndiyo risasi yako hiyo. Ni nyepesi, umeisukuma kwa kasi, na mtutu umeizungusha kupita kiasi. Imepasuka hewani, haikufika popote." Hakunigombeza. Tukarudi, nikapunguza baruti kidogo kidogo, yeye akihesabu kwa Kiingereza cha polepole nimwelewe. Jioni matundu matano yalifunikwa yote na kizibo kimoja cha soda.

Nikadhani nimeshajua. Wiki iliyofuata nikaweka makopo mawili ya baruti mezani kwa pamoja, nipunguze safari za kabatini, kama ninavyoweka unga wa muhogo na wa mahindi nikisonga ugali. Mzee alipoingia akayaona, akasimama. Risasi zote nilizojaza asubuhi ile alizivunja, hamsini, akamwaga. Nikamwambia, "Mzee, baruti si ni baruti? Zote nyeusi." Akanishika mkono akanipeleka ghalani. Ukutani kuna mtutu umening'inia, umechanika na kukunjuka nje kama ganda la ndizi. Ulikuwa wa mdogo wake. Naye alikuwa na bunduki ya kushindilia, ya zamani kama yako, siku baruti yake ilipokwisha akatia ya risasi za kisasa. Kidogo tu, alisema. Nusu ya kawaida.

Huyo mdogo mtu ninamfahamu. Huja Jumapili kunywa kahawa, mimi ndiye ninayemkorogea sukari. Alikuwa mwalimu. Mkono wa kulia umeishia kwenye kifundo. Huandika kwa kushoto, herufi zake zimelala kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe, na hata yeye mwenyewe kuna siku hawezi kuzisoma.

Basi kipimo ulichoniomba ni hiki: hakuna. Wala nusu, wala kizibo cha soda, wala punje. Baruti ya gobore inatoa moshi mwingi na inasukuma kadiri kile chuma kinavyoweza kubeba. Ya risasi zile haina moshi, lakini nguvu yake gobore la babu yako haliiwezi. Nawe unapolenga shavu liko hapo hapo.

Usizivunje. Usizifukie shambani, Neema atazifukua akichezea udongo. Usizirudishe kwa dereva, atampa mwingine. Zifunge kwenye kitambaa, nenda na Mwinjilisti mpaka polisi Lushoto, useme umezipata, uziache. Wakikuuliza maneno mengi, jibu. Aibu ya saa moja haimkati mtu mkono.

Nguruwe nao wapigie debe. Baba yako alilala dunguni shambani misimu yote ile akipiga debe na kuwatukana kwa Kishambaa, na mlikula. Wakishinda, waache wale. Mahindi huota tena.

Kuna jambo sikukwambia. Siku ile simu yako ilipoingia, aliyeanza kusema ni Neema. Nikamwita jina lake. Akasema, "Shikamoo shangazi." Nyuma nikamsikia Mama akimwambia, "Si shangazi, ni mama yako huyo," naye akasema, "Mama si wewe?" Sikulia. Nilirudi mezani nikajaza risasi hamsini, zote sawasawa, Mzee akanisifu. Ndivyo nilivyo siku hizi. Usihuzunike, nakueleza tu ujue. Mtoto huyu mzazi mmoja ameshamsahau sura. Aliyebaki ndiye wewe, nawe nakutaka mzima, macho mawili, vidole kumi. Sikuja huku kufua mashuka ya watu ili nirudi kukulisha kwa kijiko.

Nisalimie Mwinjilisti na mkewe, uwashukuru kwa kubeba maneno yangu. Msalimie shangazi yako wa mbuzi mapacha. Mdogo wangu wa Lushoto sokoni mwambie sweta ya Neema aifume kubwa, mtoto anakua. Kwa Mama rudia shikamoo, na umwambie sina kinyongo kuhusu lile neno la Neema. Aliyemlea ndiye aliyeitwa mama.

Rehema atarudi huku baada ya mapumziko yake, atapita Mombo akitokea Same. Mpelekee jibu. Usimtume Mama aandike, wala Mwinjilisti, hata wakijitolea. Andika mwenyewe, kwa mkono wa kulia, hata mstari mmoja. Mwandiko wako naujua.

Mkeo,
Mama Neema