KIKAO CHA DHARURA KUHUSU KOMPYUTA ILIYOMKATAA MCHAPAJI

CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI

Tarehe: Jumanne, 14 Mei
Mahali: Chumba cha kukatia vitambaa
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu (mwandishi wa kumbukumbu hizi), Mchapaji (Mama Pacha), Bibi Vifungo, wajumbe wengine wanne. Mwalikwa: Fundi kompyuta.
Hakuhudhuria: Mhazini (udhuru: jino)

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:20 alasiri, baada ya kiti chake kuondolewa vitambaa. Alieleza kwamba hoja ni moja: Mama Pacha abaki kazini au aondoke.

KUMB. NA. 2/5: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Katibu alisoma: "Wajumbe walisema Mchapaji amechezea nywila makusudi ili vipimo vya wateja visipatikane bila yeye. Wajumbe hawana imani naye tena." Bibi Vifungo aliuliza ni wajumbe gani. Katibu alijibu kwamba si desturi kutaja mmoja mmoja. Bibi Vifungo aliguna. Mguno umeandikwa kwa ombi lake.

KUMB. NA. 3/5: TATIZO LA KUINGIA
Mama Pacha alieleza kwamba tangu Jumamosi asubuhi akiandika nywila kompyuta inaikubali, skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha inamrudisha palepale pa kuandika nywila. Nywila ilibadilishwa mara tatu, mambo yakawa yale yale. Alisema: "Siku zote hizi natazamwa kama mwizi. Hata wanangu nimeshindwa kuwaambia."

Katibu alikumbusha kwamba lisemwalo lipo. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike, asikumbushe.

Fundi kompyuta alieleza kwamba nywila haina kosa. Kila faili lina mwenyewe, na mtu akiingia, kompyuta lazima iandike kwenye mafaili yake. Mafaili ya Mama Pacha yalikuwa yamegeuka mali ya akaunti ya mkuu, ile yenye mamlaka juu ya kompyuta nzima, kwa hiyo alifunguliwa mlango lakini hakuruhusiwa kugusa kitu chumbani mwake. Hilo hutokea mtu akinakili mafaili ya mwenzake kwa akaunti ya mkuu. Yalinakiliwa Ijumaa, saa 11:40 jioni.

Mwenyekiti aliuliza nani ana nywila ya mkuu.

Katibu alieleza kwamba anayo yeye peke yake, kwa utaratibu wake kwamba kila kitu cha chama kipite mkononi mwa Katibu. Alifafanua kwamba aliyahamishia mafaili kwenye diski mpya kisha akayarudisha, kwa nia njema, kwa kuwa hakuamini kwamba Mchapaji anayatunza.

Bibi Vifungo alisema: "Kikulacho ki nguoni mwako. Na sisi mafundi wa nguo hatukukiona."

Fundi alirudisha umiliki kwa amri ya mstari mmoja. Mama Pacha aliandika nywila, akaingia. Hakuna aliyepiga makofi.

KUMB. NA. 4/5: MAAZIMIO
Iliazimiwa Mama Pacha abaki, na nywila ya mkuu itunzwe na Mwenyekiti.

Katibu aliomba radhi. Mama Pacha alijibu: "Nimeipokea, kaka. Lakini yale maneno ya kikao kilichopita nayo yarudishwe kwa mwenyewe." Mwenyekiti alimwagiza Katibu aandike papo hapo, wote wakitazama.

Masahihisho: palipoandikwa "Wajumbe walisema", pasomeke "Katibu alisema". Hakuna mwingine aliyesema. Maneno yalikuwa yangu, na naona aibu.

Kikao kilimalizika saa 10:35.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................

Zimechapwa na Mama Pacha, bila kubadilisha neno.