Lambo Lililogeuka Kijani

Oldonyo Sambu, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu yako inaendeleaje? Na mvua imefika huko Usangi? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo unanichemka, na nisipokuandikia nitamtukana mtu.

Lemayani, yule Mwarusha ninayechunga naye ng'ombe wa mzungu wetu, walimfunga bila kosa lolote.

Lambo tunalonyweshea liligeuka kijani kwenye jua kali, zito kama rangi ya milango. Upepo ukasukuma utando ule wa kijani upande mmoja. Ng'ombe waliokunywa upande huo walitetemeka, wakaanguka, wakafa kabla hatujawafikisha zizini. Wa upande wa pili hawakudhurika. Bwana mifugo akapasua mizoga, hakuona ugonjwa anaoujua. Basi akasema ni sumu ya mishale, na aliyeiweka ni mchungaji Lemayani.

Nikamwambia, "Bwana, yapimeni maji."

Akanijibu, "Nchi hii hakuna anayejua kupima kitu hicho. Hata sisi hatujui ni nini."

Mama, kama hujui, unamfungaje mtu? Mbona hawachunguzi kwa nini maji yamegeuka mwaka huu na mwaka jana hayakugeuka? Ni samadi inayoteremka na mvua, au ni joto? Tutajuaje mapema kwamba yameharibika? Kahawa yao ina wataalamu. Lambo ambalo wake wa vibarua huchota humo humo, linaletewa pingu!

Lemayani akiwa bado mahabusu mjini, farasi wa mzungu naye akanywa pale, akafa. Ndipo wakamfungulia. Hakuna aliyemwambia hata pole.

Siku aliyorudi, mzungu akatuamuru tupeleke ng'ombe kwenye lambo lile lile. Lemayani akachota kikombe, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Kunywa wewe kwanza, bwana. Ukipona, nitawapeleka."

Mzungu akawa mwekundu, akakipiga kikombe kwa fimbo, akaondoka. Tangu hapo tunanyweshea mtoni, mbali, na hakuna anayetuuliza. Lakini wanawake bado wanachota lamboni, kwa kuwa mto hawaufikii na ndoo kichwani.

Msalimie mjomba seremala, na shangazi anayekupikia. Dada Nakiete anayekusomea barua hii, mwambie asiruke maneno ya hasira. Ayasome yote, kwa sauti.

Ni mimi mwanao wa pili,
Elinami