Viatu Vinavyoisha Upesi

Dada yangu,

Hatujambo, ila mimi situlii. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu watoto wana masikio.

Sketi ya shule ya mkubwa imempanda magotini. Upindo nimeukunjua mpaka umekwisha. Mama wa duka la viatu ananiita mke mwenzake, maana mshahara wa mume wangu unalala kwake.

Ulipoomba nikupe mmoja umlee, nilikujibu kwa ukali kuwa mtoto si kifaranga. Kumbe wa katikati alisikia. Jana kaniletea begi lake, kalifunga mwenyewe.

"Mama, nipeleke mimi kwa mama mkubwa. Viatu vyangu ndivyo vinavyoisha upesi."

Nguo nimezirudisha kabatini. Usiniombe tena, dada. Naogopa nitakubali.

Mdogo wako